DENI SI POSHO



Kamati ya gazeti letu ilituomba sisi wa kalasi ya sita tuandike kurasa chache juu ya jambo rahisi: mahali pazuri pa kula hapa Lubudi. Sababu yenyewe ni nzuri. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wanafika wageni, wengine kutoka Fungurume na Kolwezi, wengine kutoka Luena na Bukama. Wanakaa kwa shangazi au kwa rafiki ya baba, na siku za kwanza hawajui waende wapi saa njaa inapouma. Basi mkubwa amwonyeshe mdogo njia.

Tulikubali kwa furaha. Nani asiyependa kuandika juu ya chakula? Tuligawana kazi: wawili kwa stasioni, wawili kwa soko, wawili upande wa nyumba za simenti, na wawili kwa barabara. Tulizunguka siku nne. Siku ya tano tulirudi na maneno mengine ambayo hatukutumwa kuyaleta. Tunaomba mtuvumilie. Kwanza tutawapa orodha kama tulivyoahidi, kisha tutasema lile jambo lililotutia haya.

Haya, twende.

Moja: kwa stasioni. Yule anayetaka bukari ya kweli aende pale. Treni yetu haina saa, kila mtu anajua. Mara inafika asubuhi, mara inafika kesho yake. Lakini wamama wa pale wana masikio. Wakisikia tu kwamba treni imetoka Luena, wanawasha mbabula, na wakati abiria wanashuka kunyosha miguu, bukari inatoka moshi. Mboga yao kubwa ni samaki ya Bukama, yule wa kukaushwa kwa moshi anayetoka maziwa ya Kisale na Upemba, pamoja na sombe iliyotwangwa sawasawa. Tunawashauri wageni: msiende wakati treni imesimama, maana bei inapanda na mama hana nafasi ya kuwaangalia. Ngojeni iondoke. Mboga inayobaki katika chungu imelala ndani ya mafuta yake, na mkono wa mama unakuwa mwepesi.

Mbili: kwa soko, asubuhi mapema. Mikate ya mafuta na chai. Kuna mama mmoja anayekaa karibu na wauza-makala. Mikate yake haikauki hata ikifika saa nne. Mwanafunzi mwenye feza kidogo anunue miwili na kikombe cha uji, atasikiliza hesabu bila tumbo kumsemesha. Wakati wa mvua pale pale wanauza bowa, na mwenye bahati atapata bowa iliyopikwa na karanga. Tuliokula tunanyamaza, kwa sababu hatuna maneno.

Tatu: upande wa nyumba za simenti. Pale kuna maharagi na wali, na siku nyingine tomson, yule samaki wa bahari anayesafiri katika barafu kutoka mbali huko Namibia mpaka kwetu sisi tusioijua bahari. Mpishi wake ni mjane. Haongei sana. Ukimwambia chakula ni kizuri anajibu tu, "Kula, mutoto, kitapoa." Meza ni mbili, benchi ni tatu, na ukutani ametundika kalenda ya mwaka uliopita juu ya picha yake ya maua. Hapa tunapendekeza mje wawili wawili, maana sahani yake inashibisha mtu na nusu.

Nne: kwa barabara, jioni ya siku ya posho. Michopo! Nyama ya mbuzi juu ya makaa, kitunguu kibichi, pilipili, chumvi kidogo ndani ya karatasi. Mtu wa michopo ni kijana, na anajua kuchekesha. Lakini tunaonya: yeye hakopeshi mtu, hata mtoto wa shefu. Mtu akimwomba deni, anamwonyesha mbuzi aliyefungwa chini ya mwembe, anamwambia aende kuomba kwa mwenye nyama. Wakati tulipoanza kazi hii tulimwona kuwa ni mchoyo. Sasa tumebadili mawazo, na mtajua kwa nini.

Tano: munkoyo. Kwa wasioujua, ni kinywaji cha unga wa mahindi kinachopikwa, kisha kinatiwa mizizi ya munkoyo, kinalala, kinakuwa kitamu chenye ukali kidogo. Kabla ya mechi ya mpira hakuna kinachoushinda. Tusiuchanganye na lutuku. Hiyo ni habari nyingine, na prefe wetu anasoma gazeti hili.

Hiyo ndiyo orodha. Mwaka uliopita orodha kama hii ingekuwa na nambari sita. Tutarudi pale.

Tulipokuwa tunazunguka, tuliuliza wazee: zamani, wakati wa ujana wenu, watu walikula wapi? Nkambo mmoja aliyetumika miaka mingi kwa simenti alicheka sana. Akasema: "Malewa? Hapakuwaka malewa. Mutu alikula kwake. Bibi alipika, posho iliisha kufika." Neno hilo posho tunalitaja kila juma, na hatufikiri lilitoka wapi. Sisi watu wa Katanga tunaita siku ile inayotangulia siku ya yenga siku ya posho. Kwa nini? Kwa sababu kampuni iliwagawia watumishi chakula chao cha juma: unga, maharagi, samaki, chumvi, mafuta. Mwanaume alipokea kwa nafsi yake, kwa bibi yake na kwa watoto wake, kila mmoja kwa kipimo chake.

Hivi ndivyo miji yetu ilivyolishwa. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Ikafika Bukama mwaka wa 1918, ikipita kwetu huku. Na mwaka wa 1928 ikaungana mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo. Union Minière ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906. Watu walitolewa vijijini, mbali na shamba na mama zao. Mtu asiye na shamba sherti alishwe, la sivyo hafanyi kazi. Posho haikutoka kwa mapendo. Ilitoka kwa hesabu. Lakini ilifika.

Na ristora je? Ristora zilikuwako katika miji mikubwa, lakini zilikuwa za Wazungu. Mpishi alikuwa mtu wetu, mwenye kuosha sahani alikuwa mtu wetu, na mezani walikaa wengine. Nkambo wa pili, aliyekuwa boyi kule Elisabethville kabla ya uhuru wa 1960, alituambia alijua kupika sosi za aina saba, na hata moja hakuila amekaa kwenye kiti. Tafadhali, tukumbuke neno hilo tunapokaa kwenye benchi la malewa na kupiga kelele kwamba benchi linayumba.

Kisha mambo yakageuka. Union Minière ikatwaliwa na serikali mwaka wa 1967, nayo ikawa Gécamines. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa wa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka ndani. Mwaka wa 1994 shaba yote iliyotoka haikufika tani 50,000. Posho ikapungua, ikachelewa, ikaisha. Mshahara ukafuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa 2003 na 2004 watumishi kama 10,000 waliondolewa kwa mara moja katika ile mipango iliyoitwa kuondoka kwa mapenzi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mtaalamu wa historia wa Lubumbashi, aliandika kitabu kilichotoka mwaka wa 2001 juu ya jamaa za watumishi hao. Katika jina la kitabu chenyewe anawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ndiye kampuni.

Sasa, wakati baba ameacha watoto, nani alipika? Mama. Wamama walitoa mbabula ndani ya nyumba, wakaiweka mbele ya mlango. Waliuza mikate, wakauza samaki, wakauza bukari kwa sahani. Nyumba nyingi za Katanga zilisomesha watoto kwa sahani zile. Mmoja wetu ni mjukuu wa mtumishi wa reli. Bibi yake alianza na chungu kimoja kwa stasioni, na kwa chungu kile watoto watano walimaliza masomo. Kwa hiyo malewa si mchezo, wala si mahali pa watu waliokosa hoteli. Malewa iliingia mahali pa posho.

Na hapo, ndugu zetu, ndipo penye kosa letu. Posho ilitoka katika ghala la kampuni kubwa. Malewa inatoka katika kitambaa ambacho mama mmoja anafungia feza yake. Lakini sisi tunaila kama posho. Tunakuja, tunanyosha mkono, tunakula, tunasema, "Mama, andika," na tunaondoka kama watu waliopokea haki yao.

Tuje kwa nambari ya sita.

Wote wa kalasi ya nne, ya tano na ya sita wanaijua ile nyumba ya bati ndogo nyuma ya njia ya treni. Hatutaji jina la mama mwenyewe, kwa sababu ametuomba tusilitaje. Hapo tulikula lengalenga na bukari tulipokuwa wadogo, miguu ikiwa na vumbi la kutembea. Mwenye feza alilipa. Asiye nayo alikula vilevile. Wakati wa mitihani alitupa uji wa bure saa kumi na mbili asubuhi, akisema kichwa hakiandiki kama tumbo linalia. Wengine waliokula pale leo wako kazini Kolwezi, na wengine wako chuo kikuu Lubumbashi.

Siku ya tano ya kazi yetu tulikwenda kwake, tukiwa tumepanga kumweka nambari ya kwanza. Tulikuta mlango umefungwa kwa waya. Mbabula ilikuwa imegeuzwa juu chini, na kuku wamelala juu yake. Tulimkuta nyumbani kwake anachambua mboga ya watu wa nyumba tu. Alitupokea vizuri, alitupa viti. Tukauliza, "Mama, uko mgonjwa?" Akajibu hapana. Akaingia ndani, akatoka na kaye mbili.

Wasomaji, zile kaye tulizisoma. Yeye mwenyewe hajui kuandika. Binti yake ndiye aliyemwandikia, na kwa kuwa hakujua majina yetu yote aliandika alivyotuona. "Mrefu wa kalasi ya tano, sahani 4." "Ule wa miwani, sahani 7 na chai." "Mwimbaji, sahani 3." "Mtoto wa mwalimu, sahani 5." Ukurasa mmoja ulikuwa na mambo ya watu wazima pia. Hatutaji mtu. Tunasema tu kwamba kaye haikuchagua kati ya wanaokaa kwenye benchi na wanaosimama mbele ya ubao.

Tulianza kucheka tulipoyasoma yale majina. Kisha mmoja wetu akaacha kucheka. "Ule wa miwani" ni yeye. Baadaye kidogo wa pili akajiona. Ndiyo, sisi tunaoandika haya tumo ndani: watu wawili kati ya wanane, na kwa pamoja sahani 11. Tulisahau. Hatukukataa kulipa, tulisahau tu, likizo ikaingia, na mwaka mpya ukaja. Je, yeye alisahau? Alisema: "Batoto, miye siko na hasira. Mulikula, mulishiba, njo nilitaka. Lakini bunga haitoke kwa Mungu paka vile. Inatoka kwa soko."

Tukamwomba atufundishe hesabu yake, na tuliielewa vizuri kuliko nyingine tulizopewa darasani. Sikilizeni. Gunia la unga la kilo 25 anatoa ndani yake sahani karibu 80. Lakini unga si peke yake: kuna makala, mafuta, mboga, chumvi, na maji ya kuchotesha. Tuchukue mfano ulio rahisi. Tuseme sahani inauzwa franga 2,000, na vitu vyote vilivyoingia ndani vinakula 1,800. Faida ni 200. Sasa mtoto mmoja anakula halafu halipi. Mama hakupoteza 200, amepoteza 1,800. Ili arudishe 1,800 kwa faida ya 200, sherti auze sahani tisa nyingine, na zile tisa hazimwachii kitu. Ametumika siku nzima juu ya mtu mmoja aliyesahau.

Tulihesabu katika kaye zote mbili sahani ambazo hazikulipwa: 61. Mara tisa, ni 549. Maana yake, kwa mfano wetu, mama yule alipashwa kupika magunia karibu saba ya unga bure, apate tu kurudi mahali alipoanzia. Nani kati yetu angeweza?

Na unga wenyewe haukukaa kwa bei moja. Mahindi mengi tunayokula Katanga yanatoka Zambia. Mwaka wa 2024 ukame uliharibu mashamba kule. Mwezi wa pili serikali ya Zambia ikatangaza msiba wa taifa, na huku kwetu kila mpishi aliusikia msiba ule katika gunia. Mama alitupa mfano mwenyewe: alichukua unga kwa deni kwa mwenye butike, akitegemea deni letu, deni letu halikuja, mwenye butike akamfungia. Alilipa butike kwa kuuza cherehani yake. Kisha akafunga mlango kwa waya. Hakumshitaki mtu. Hakuja shuleni kulalamika. Tulimwuliza kwa nini. Akasema: "Ningekuja, prefe angewafukuza. Ungekuwa wewe, ungefukuzisha mutoto juu ya bukari?"

Tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Tunajua watu watakaotujibu, maana tumekwisha kuwasikia kwa mlango wa kalasi. Basi tuwajibu hapa hapa.

Wa kwanza wanasema: sisi ni watoto, mama alijua kwamba hatuna feza, kosa ni lake aliyetukopesha. Tunajibu: mtoto wa kalasi ya sita anayejua kuandika barua ya mapendo kurasa nne anajua pia kuandika sahani 4. Aliyetuamini hakukosea. Tukisema kwamba kumwamini mtu ni kosa, basi kesho kila mama atakuwa kama mtu wa michopo, atatuonyesha mbuzi chini ya mwembe. Na mgeni atakayetoka Bukama bila feza mwezi wa tisa atalala njaa, wala hakula yeye deni lile.

Wa pili wanasema: wazazi wetu wanateswa. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure tangu mwaka wa 2019, lakini sekondari tunalipa, na wazazi wengi hawapati mshahara kwa wakati. Hayo ni kweli, na hatucheki nayo. Wengine wetu wako katika hali hiyo hiyo. Lakini tuulizane: yule mama naye si mzazi? Mshahara wake unachelewa mikononi mwa nani? Unachelewa mikononi mwetu. Tunalaumu wakubwa wasiowalipa baba zetu, na sisi tunafanya kazi ile ile ya wakubwa katika kaye ya mama maskini.

Wa tatu, na hawa wana akili, wanasema: shule ifungue kantine. Sawa, tunakubali, na tunawaomba wakubwa wetu walifikirie. Lakini kantine ya kesho hailipi lengalenga ya jana. Tena tuseme ukweli: kantine itapikiwa na nani? Na wamama wale wale.

Wa nne hawasemi kitu. Wanapita njia nyingine, nyuma ya stasioni, wasionwe. Tunawajua, sababu sisi pia tuliipita.

Hatukuandika ili kuhukumu. Mwaka huu wote tumekariri Warumi 13:8 katika ibada ya asubuhi, tukapata alama nzuri. Sasa sherti tuonyeshe kama tulielewa. Tunapendekeza mambo manne, na tunaomba kila kalasi iyazungumze na msimamizi wake.

Kwanza, kila mtu ajitafute. Binti ya mama ametukubalia kunakili zile kaye. Nakala iko kwa mkuu wa kalasi yetu. Haitabandikwa ukutani, kwa kuwa hatutaki kuaibisha mtu. Aje mwenyewe, ajione, aweke alama.

Pili, mwenye feza alipe, hata kidogo kidogo. Mwenye sahani nne alipe moja kila juma. Mwezi ukiisha amekuwa mtu huru. Sisi wawili wa sahani 11 tumeanza: mmoja aliuza mpira wake, mwingine alibeba mizigo kwa stasioni siku mbili. Tumelipa saba, zimebaki nne. Hatusemi haya tusifiwe. Tunasema ili mjue kwamba inawezekana.

Tatu, asiye na feza hata kidogo ana mikono. Tulimwuliza mama kama angekubali kazi, naye amekubali. Bati la nyumba yake linavuja, maji ni mbali, na kuni sherti zipasuliwe. Siku ya posho inayokuja, baada ya salongo ya shule, tutakwenda watu kumi. Atakayetaka aje na jembe au ndoo. Wafundishaji watakaotaka kuja watakaribishwa vilevile, na hatutauliza wanakuja juu ya nini.

Nne, kuanzia sasa tusiseme tena "Mama, andika" bila kuandika sisi wenyewe. Jina lako lote, kalasi yako, siku, na saini yako. Mtu anayeogopa kutia saini juu ya sahani ya maharagi asiile. Na sisi wa kalasi ya sita tusiende kwenye mtihani wa Taifa kabla ya kuona majina yetu yamepigwa mstari. Mwaka ujao hatutakuwa hapa. Wengine watakuwa Kolwezi, watakula katika ristora za Wachina na hoteli zenye taa nyingi, ambapo mtu haulizwi kama baba amelipwa. Analipa au anatolewa nje. Watalipa pale upesi kabisa. Basi tulipe na huku.

Mmoja wa wafundishaji wetu alisoma karatasi hizi kabla hazijapigwa, akatuuliza kama ni vema kuwaambia wageni habari mbaya kama hizi wakati wamefika tu. Tulifikiri sana. Tukaona ni vema. Mgeni anayejua mahali pa kula na hajui namna ya kula pale tumemdanganya nusu. Ninyi wageni, nendeni kwa stasioni, nendeni kwa mjane wa maharagi, kunyweni munkoyo. Muwasalimu wamama kwa heshima, msikalie benchi kama kwamba ni la baba yenu, na mkiisha kula, mlipe. Siku mnayokosa, semeni ukweli mbele ya kula, si kisha.

Na nambari ya sita tunaiacha wazi katika orodha yetu. Mama alituambia kwamba akipata nusu ya deni, atanunua gunia moja na kuwasha tena mbabula. Nusu ya 61 ni sahani 30 na kitu. Mpaka siku ya kupiga karatasi hizi zimelipwa 9.

Gazeti litakalofuata tutawaambia hesabu imefika wapi.

Ni sisi, wanafunzi wanane wa kalasi ya sita, Lubudi.